Homa baada ya safari ya mbugani: si kila mara ni malaria

Mzazi mmoja wa Susuni, wilayani Tarime, ameuliza swali ambalo wazazi wengi wa mkoa wa Mara wanalo msimu huu. Kijana wake amemaliza kidato cha sita na anataka kwenda Serengeti na wenzake, kila mmoja na begi lake la mgongoni na mahema ya kukodi, waone nyumbu wakivuka Mto Mara upande wa Kogatende. Mama huyo anaogopa simba. Anauliza abebeshwe dawa gani, na afanye nini akikutana na mnyama mkali.

Nianze na simba, kwa kuwa ndiye anayewanyima wazazi usingizi. Ndani ya hifadhi haturuhusiwi kutembea kwa miguu bila askari wa hifadhi mwenye silaha, na hakuna picha inayostahili mtu kushuka kwenye gari. Kambini zipu ya hema ifungwe usiku kucha. Chakula kisilale ndani ya hema, maana fisi na nyani hufuata harufu. Anayetaka kwenda haja usiku amwamshe mwenzake na amulike tochi pande zote kabla ya kutoa mguu nje. Kijana akiyashika hayo, simba hatakuwa tatizo lake kubwa. Ninayemhofia mimi ni mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo.

Wafugaji wa Tarime na Serengeti hawahitaji kuelezwa mbung'o ni nani, wamemwona akikondesha ng'ombe. Kwa vijana waliokulia mjini: ni inzi mkubwa kidogo kuliko wa nyumbani, rangi ya kahawia, na akitua hulaza ubawa mmoja juu ya mwingine kama makasi yaliyofungwa. Huuma mchana, tena kwa maumivu makali, na mdomo wake hupenya shati jepesi. Wanaume na wanawake wa jamii yake wote hunyonya damu, tofauti na mbu. Hakai sana kwenye mbuga ya wazi yenye majani mafupi. Makao yake ni vichaka na miti, kwa hiyo msafiri wa kaskazini na magharibi ya hifadhi, kando ya mito ya Mara na Grumeti, hukutana naye zaidi kuliko aliyekwenda nyanda za kusini.

Wengi wanaoumwa hawapati lolote zaidi ya uvimbe unaowasha, kwa sababu ni mbung'o wachache tu wanaobeba vimelea. Lakini hao wachache huambukiza ugonjwa wa malale, na malale ya upande wetu wa Afrika si ile ya Afrika Magharibi na Kati ambayo hujificha mwilini kwa miaka. Hii ya kwetu ina haraka. Homa huanza ndani ya wiki moja hadi tatu, vimelea huweza kufika kwenye ubongo ndani ya wiki au miezi michache, na asiyetibiwa hufa. Huhifadhiwa na wanyama pori kama pongo, na hata ng'ombe, ndiyo maana haiishi kwa kuwatibu watu peke yao.

Mwaka 2001 watalii kadhaa kutoka Ulaya waligundulika na malale baada ya kutembelea Serengeti na Tarangire. Mwaka 2012 wengine wawili walithibitika kuupata Maasai Mara, ng'ambo ya mpaka. Ukilinganisha na idadi ya watu wanaoingia mbugani kila mwaka, hao ni wachache mno, na sisemi watu wasiende. Ninachosema ni kwamba ugonjwa huu, ukitambuliwa mapema, unatibika. Kinachoua ni kuchelewa kuutambua, na kuchelewa huko mara nyingi huanzia nyumbani au kwenye chumba cha daktari.

Fikiria inavyokwenda. Kijana amerudi, amekaa siku kumi, mwili unaanza kuchemka. Kichwa kinauma, viungo vinauma. Mkoa wa Mara una malaria, kwa hiyo mzazi anasema malaria, na hakosei kuiwaza kwanza. Zahanati wanamchoma kidole na kutumia kile kipimo cha haraka. Hapa ndipo ningependa wasomaji wasome taratibu. Kipimo hicho hutafuta malaria tu. Hakiwezi kuonyesha malale hata kama damu imejaa vimelea vyake. Kikisema hana malaria, homa bado haijapata jina. Kikisema anayo, huenda ni kweli, lakini mtu anaweza kuwa na magonjwa mawili kwa wakati mmoja.

Zamani, kila mwenye homa alipopimwa kwa damu kupakwa kwenye kioo na kutazamwa kwa hadubini, mtaalamu wa maabara aliyekuwa akitafuta malaria aliweza kukutana na kimelea cha malale kikijipinda katikati ya chembe za damu. Kipimo cha haraka kimeokoa maisha ya watoto wengi vijijini, silaumu ujio wake. Ila kimetuondolea ile bahati ya kuona usichokitafuta. Kwa hiyo mwenye homa aliyetoka mbugani aombe waziwazi damu yake iangaliwe kwa hadubini, kipimo ambacho wengi hukiita BS. Kama zahanati haina, apelekwe kituo cha afya au hospitali yenye maabara.

Nalo swali la daktari lijibiwe kabla halijaulizwa: "Nilikuwa Serengeti tarehe fulani, niliumwa na mbung'o." Hii ni muhimu zaidi kwa kijana anayetoka Mara kwenda chuoni Dar es Salaam au Dodoma siku chache baada ya safari. Daktari wa huko anaweza kuwa hajawahi kuona mgonjwa wa malale maisha yake yote ya kazi. Hatawaza mbung'o mpaka utamke wewe. Mzazi aandike tarehe za kwenda na kurudi kwenye karatasi na kijana aitunze pamoja na kadi yake ya bima au daftari la kliniki.

Dalili nyingine ya mapema ni uvimbe mgumu, mwekundu au mweusi, unaouma mahali alipoumwa, unaotokea siku kadhaa baadaye na wakati mwingine kugeuka kidonda. Si kila mgonjwa huupata. Tezi nazo huweza kuvimba. Vimelea vikishafika kwenye ubongo, mgonjwa hubadilika. Analala mchana na kukesha usiku, anakuwa mkali bila sababu, anachanganya maneno, anayumba akitembea. Mzazi anayemwona mwanawe wa miaka 19 katika hali hiyo, wiki chache baada ya kutoka matembezini na marafiki, atasema ameanza bangi. Wapo watakaosema amerogwa. Hapo siku zinapita kwa ugomvi au kwa waganga huku matibabu yakizidi kuwa magumu.

Akithibitika, hospitali humpima pia maji ya uti wa mgongo kujua ugonjwa umefika wapi. Wazazi huogopa sindano ile ya mgongoni, nami nawaelewa, lakini msimkatalie mtoto. Kwa miaka mingi aliyefikwa na vimelea kwenye ubongo alitibiwa kwa dawa yenye asili ya arseniki, ambayo yenyewe iliua baadhi ya wagonjwa. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaoruhusu vidonge vya fexinidazole kwa malale ya aina yetu, kwa wagonjwa kuanzia umri wa miaka 6 wenye uzito wa kilo 20 au zaidi. Humezwa kwa siku 10, baada ya chakula na chini ya uangalizi. Dawa za malale haziuzwi duka la dawa la mtaani. Hutolewa bure kupitia Shirika hilo, kwa hiyo atakayekuuzia "dawa ya malale" sokoni anakuibia.

Sasa kinga. Hakuna chanjo ya malale, na hakuna kidonge cha kumeza kabla ya safari. Mafuta ya kufukuza mbu hayamzuii mbung'o vya kutosha, ingawa yabebwe kwa ajili ya mbu. Kinachosaidia ni nguo. Mbung'o huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi, na wataalamu wanatumia udhaifu huo huo: ukiona vitambaa vya bluu na nyeusi vimetundikwa porini, ni mitego yenye sumu ya kumuua, usivichokoze. Tazama sasa watoto wetu wanavyopelekwa mbugani. Wa shule ya msingi ana kaptula au sketi ya bluu. Kijana mkubwa ana jinzi ya bluu na begi jeusi. Ningeomba walimu wanaoandaa ziara za shule waruhusu siku hiyo nguo za nyumbani: suruali ndefu na shati la mikono mirefu, kitambaa kizito kidogo, rangi ya kaki au ya udongo.

Mbung'o hufuata pia kitu kikubwa kinachotembea, na gari kwake ni kama nyati. Kwenye vichaka fungeni vioo, hata kama basi lina joto. Aliyeingia auawe kabla safari haijaendelea, na kabla ya kupanda asubuhi kagueni chini ya viti.

Kuna jambo la pili nisingependa lipite, ingawa linastahili safu yake lenyewe. Kung'atwa na mbwa, mbweha au mnyama yeyote wa porini, hata kwa mkwaruzo mdogo, ni hatari ya kichaa cha mbwa. Osha jeraha papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukachanjwe, na umalize sindano zote kwa tarehe ulizopangiwa. Usipake pilipili wala mafuta ya taa. Mnyama anayeonekana mpole kupita kawaida, mbweha anayekusogelea mchana bila woga, usimpe mkate wala usimpige picha kwa karibu. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, hatuna tiba.

Kwenye begi la kijana wa Susuni basi ningeweka sabuni ya kipande, tochi yenye betri mpya, kipimajoto, chandarua, maji ya kunywa ya kutosha na ile karatasi ya tarehe. Kipimajoto kitumike hata baada ya kurudi. Kwa wiki nne, homa yoyote inayozidi nyuzi 37.5 ipelekwe hospitali siku hiyo, na aliyepewa mseto bila kupata nafuu ndani ya siku tatu arudi akaombe hadubini, asinunue dozi ya pili.