KIFAA KISICHOPIMWA NI PAMBO TU
Kupima na kufuatilia vihisi vya mifumo ya kuzima moto katika majengo yetu



Mwezi Juni 1994 wasichana zaidi ya 40 walipoteza maisha kwa moto bwenini katika Shule ya Sekondari Shauritanga, wilayani Rombo. Sisi wa Kilimanjaro hatuhitaji kukumbushwa msiba huo, kwa maana kuna familia ambazo hadi leo zinauhesabu kwa miaka ambayo binti yao angekuwa nayo. Tangu wakati huo misiba ya namna hiyo imerudi tena na tena katika ukanda wetu: Kyanguli, wilayani Machakos nchini Kenya, Machi 2001, wavulana 67, Idodi, mkoani Iringa, Agosti 2009, wasichana 12, Byamungu, wilayani Kyerwa mkoani Kagera, Septemba 2020, watoto 10, na Endarasha, Nyeri, Septemba 2024, watoto 21. Yote ilitokea usiku, watoto wakiwa wamelala.

Kwa sababu hiyo, kamati zinazojenga mabweni, hosteli, vituo vya afya na kumbi zimeanza kuingiza katika michoro yao vihisi vya moshi, ving'ora na hata mabomba ya kunyunyiza maji kutoka darini. Hilo ni jambo jema. Lakini tumeona kwamba swali linaloulizwa ni moja tu: "Itagharimu kiasi gani kufunga?" Swali la pili, ambalo ndilo zito zaidi, haliulizwi: "Nani atapima, lini, na kwa fedha zipi?" Lengo la makala haya ni kueleza kwa lugha nyepesi mifumo hii inavyofanya kazi, inavyopimwa, na kwa nini upimaji huo uwe sehemu ya bajeti tangu siku ya kwanza.

Mfumo unavyofanya kazi

Vinyunyizio vya darini, ambavyo mafundi huviita spirinkla, ni mabomba yenye maji yenye msukumo muda wote. Kila kichwa kimezibwa kwa kichupa kidogo cha kioo chenye kimiminika ndani. Joto likipanda, kimiminika hutanuka na kupasua kichupa, na maji hutoka. Rangi hueleza kiwango cha joto: chekundu hupasuka kwenye nyuzi 68 za Selsiasi, cha kijani kwenye nyuzi 93.

Wengi wetu tumeona katika filamu vichwa vyote vikimwaga maji kwa pamoja. Sivyo ilivyo katika mfumo huu wa kawaida. Hufunguka kichwa kilichopata joto tu. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba katika matukio kama matatu kati ya manne, ambapo vinyunyizio vilifanya kazi, kilifunguka kichwa kimoja. Kwa hiyo hofu kwamba moshi wa jikoni utalowanisha jengo zima haina msingi.

Kichwa chenyewe hakihitaji umeme. Vinavyohitaji kuangaliwa kwa karibu ni vihisi vinavyoulinda mfumo na kutoa taarifa. Navyo ni hivi:

1. Kihisi cha mtiririko. Ni kijipanga kilichowekwa ndani ya bomba. Maji yakianza kutembea, hukisukuma, na king'ora hulia. Kwa kuwa msukumo wa maji hupanda na kushuka wenyewe, kifaa hiki huwa na kichelewesho cha nusu dakika au dakika moja hivi ili kisipige kelele bure.

2. Kihisi cha koki. Hukaa kwenye koki kuu na kutoa taarifa mtu akianza kuifunga.

3. Vihisi vya msukumo, tangi na pampu. Hueleza kama maji yamepungua, kama msukumo umeshuka, na kama pampu imewaka au imekosa umeme.

4. Vihisi vya moshi na joto. Hivi havimwagi maji. Kazi yake ni kuwaamsha watu mapema, kabla joto halijafika kiwango cha kupasua kichupa.

Vyote hupeleka taarifa kwenye paneli, ambayo huwa na betri za akiba.

Kinachoangusha mfumo

Takwimu za Marekani kwa miaka mingi zimeonyesha jambo la kushangaza. Pale vinyunyizio viliposhindwa kufanya kazi, mara tatu kati ya tano sababu ilikuwa kwamba maji yalikuwa yamefungwa kabla ya moto. Mtu alifunga koki ili afanye matengenezo, kisha hakuifungua. Bomba lilikuwepo, vichwa vilikuwepo, cheti kilikuwepo ukutani. Maji hayakuwepo.

Matukio mawili yanatufundisha. Mei 4, 1988, jengo refu la First Interstate mjini Los Angeles liliungua usiku. Vinyunyizio vilikuwa katika hatua ya kufungwa, na koki zake zilikuwa hazijafunguliwa. Vihisi vya moshi vilitoa taarifa, lakini walinzi walivinyamazisha na kuviwasha upya zaidi ya mara moja. Mfanyakazi mmoja alipanda lifti kwenda kuangalia, akafia humo. Hapo kihisi kilifanya kazi yake, waliosikia hawakukiamini.

Februari 23, 1991, jengo la One Meridian Plaza mjini Philadelphia lilishika moto ghorofa ya 22 na kuungua kwa saa 19. Askari watatu wa zimamoto walikufa. Vali za mabomba ya zimamoto ndani ya jengo zilikuwa zimesetiwa vibaya, hivyo msukumo wa maji haukutosha. Moto ulipofika ghorofa ya 30 ulikuta vinyunyizio vinavyofanya kazi. Vichwa 10 tu viliuzuia usiendelee. Jengo ni lile lile na usiku ni ule ule: sehemu moja maji hayakutosha, sehemu nyingine yalitosha.

Namna ya kupima

Wenyeji wa mlimani tunaijua mifongo, ile mifereji ya asili inayoleta maji mashambani. Hakuna mzee wa mfongo anayesimama kwenye banio la juu na kusema maji yamefika. Huulizwa mtu wa shamba la mwisho. Mfumo wa vinyunyizio hupimwa kwa hekima hiyo hiyo.

Mwishoni mwa bomba, mbali kabisa na pampu, huwekwa koki ya kupimia yenye tundu dogo linalolingana na kichwa kimoja. Ukiifungua, ni kama kichwa kimoja kimepasuka. Mpimaji huangalia saa. King'ora kinapaswa kulia ndani ya sekunde 90. Kisipolia, kijipanga kimekwama, waya umekatika, au maji hayafiki. Upimaji huu huchukua dakika chache tu.

Kipimo cha pili ni cha bomba kuu la kumwagia maji. Andika geji inasomaje kabla ya kufungua, fungua maji yatoke kwa nguvu, andika tena. Linganisha na namba za mara iliyopita. Msukumo ukiwa umeshuka zaidi ya kawaida yake, huenda kuna koki iliyofungwa nusu au bomba lililoziba.

Ratiba ifuatayo inafuata mwelekeo wa kanuni zinazotumika Marekani na Ulaya, nasi tunaipendekeza kwa majengo yetu:

Kila wiki: angalia koki kuu iko wazi na imefungwa kwa mnyororo na kufuli, soma geji, angalia tangi limejaa, washa pampu.

Kila mwezi: bonyeza kitufe cha kujaribu kwenye vihisi vya moshi vinavyojitegemea, zima umeme mkuu uone kama paneli inaendelea kwa betri. Kwa kawaida betri hutakiwa kuhimili saa 24.

Kila miezi mitatu: fungua koki ya kupimia na upime muda wa king'ora, zungusha koki kuu kidogo uone kama paneli inatoa taarifa, kisha irudishe wazi kabisa.

Kila mwaka: fundi mwenye ujuzi apime kila kihisi cha moshi kwa moshi maalumu wa kopo, asafishe vumbi, na akague mfumo wote.

Kabla ya kupima, watangazie watu waliomo ili pasitokee taharuki. Na baada ya kupima, watu wawili, si mmoja, wahakikishe kila kitu kimerudishwa kama kilivyokuwa, kisha waweke sahihi kwenye daftari.

Yako mambo ya kukataza pia. Kichwa cha kinyunyizio kisijaribiwe kwa kiberiti, kwa maana kikipasuka hakizibiki tena. Kisipakwe rangi, kwa sababu rangi huchelewesha joto kukifikia. Kilichopakwa hubadilishwa, hakisafishwi. Na kisitundikwe nguo. Mabwenini hili la mwisho halikomi lisiposemwa kila muhula.

Mazingira yetu

Vifaa vingi hutengenezwa kwa ajili ya nchi ambako umeme haukatiki. Hapa betri ya akiba inaweza kutumika mara nyingi kwa mwezi, hivyo huchoka mapema. Pia maji ya bomba yanaweza kukatika. Mfumo wa vinyunyizio lazima uwe na tangi lake lisilotumika kufulia wala kupikia. Hebu tupige hesabu. Kichwa kimoja kinaweza kutoa lita 60 kwa dakika au zaidi. Tangi la lita 5,000 likihudumia vichwa vinne litaisha kwa takriban dakika 20. Kama nusu yake ilishatumika kuoshea vyombo, zimebaki dakika 10.

Tuongeze hali ya hewa. Ukungu wa Kibosho, Marangu au Machame, na mvuke wa bafuni, vinaweza kuamsha kihisi cha moshi pasipo moto. Vumbi la kiangazi na wadudu wadogo wakiingia ndani huleta shida hiyo hiyo. King'ora kikilia bure mara tano, mara ya sita mtu hukitoa betri akaweka kwenye redio. Dawa yake ni kusafisha, na kuweka kihisi panapofaa: jikoni panapopikiwa kwa kuni huwekwa cha joto, si cha moshi. Kihisi cha moshi kinachojitegemea hubadilishwa baada ya miaka 10, hata kama bado kinalia.

Kwa wenye fedha kidogo

Hatupendi makala haya yaeleweke kana kwamba kila bweni la parokia au usharika lazima liwe na vinyunyizio. Katika hospitali, penye wagonjwa wasioweza kutembea, na katika majengo ya ghorofa nyingi, vinastahili gharama yake. Kwa bweni la chini lenye vitanda 40, sisi tungeanza na haya: milango miwili inayofunguka kwa nje, isiyofungwa kwa kufuli watoto wakiwa ndani, madirisha yenye nondo zinazoweza kufunguliwa, nafasi ya kupita kati ya vitanda, vihisi vya moshi vya betri, mitungi ya kuzimia moto, na zoezi la kutoka usiku angalau mara moja kila muhula. Kule Kyanguli mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na nondo. Hakuna kihisi kinachoweza kufungua kufuli.

Kihisi cha betri kinachopimwa kila mwezi kina faida kuliko mfumo wa mamilioni ambao haujaguswa tangu siku ya uzinduzi. Msifunge msichoweza kupima.

Ombi letu

Kwa kamati: mteueni mtu mmoja kwa jina, na msaidizi wake, wa kusimamia upimaji. "Kamati itashughulikia" maana yake hakuna atakayeshughulikia. Daftari la upimaji lisomwe kwenye kila kikao, kama linavyosomwa daftari la fedha. Alikeni Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lije kukagua na kushauri, hata kabla ya msingi kuchimbwa. Namba yao ya dharura ni 114. Iandikwe mlangoni kwa matroni na kwa mlinzi.

Kwa wafadhili: tunawashukuru kwa majengo mliyotusaidia kuyasimamisha. Jengo hupigwa picha, hukatwa utepe na kuwekwa kibao chenye jina. Betri mpya haipigwi picha. Hata hivyo tunaomba kila andiko la mradi wa bweni, kituo cha afya au hosteli liwe na fungu la upimaji na vipuri kwa miaka isiyopungua mitano, pamoja na mafunzo kwa wale watakaobaki na jengo. Na mnapokuja kututembelea, msiishie kuonyeshwa vichwa vya vinyunyizio darini. Ombeni daftari. Kisha ombeni koki ya kupimia ifunguliwe, mwangalie saa zenu, na mhesabu sekunde mpaka king'ora kilie.