Kusomea Sanaa za Maonyesho si Mchezo

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa na vijana wakaanza kuomba nafasi katika vyuo vikuu, nyumba nyingi hugeuka mabaraza. Anayetaka udaktari hupongezwa kabla hajamaliza kusema. Anayetaka uhandisi au sheria huombewa dua. Lakini kijana asemapo kwamba amekusudia kusomea sanaa za maonyesho, yaani tamthilia, ngoma na kazi zote za jukwaani, baraza huingia kimya. Baba huuliza iwapo karo italipwa ili mtoto akajifunze kucheza. Mama, ambaye pengine ndiye aliyemfundisha mtoto huyo hadithi na nyimbo, huuliza kwa upole atakula nini. Maswali yote mawili ni ya haki, na safu hii haikusudii kuyapuuza. Yanahitaji majibu, na majibu hayo hayapatikani kwa hasira wala kwa ndoto.

Tuanze na swali la baba. Lugha yetu yenyewe imechangia kumpotosha. Neno mchezo limebebeshwa mizigo mingi: mpira ni mchezo, bao ni mchezo, mzaha wa watoto ni mchezo, na tamthilia nayo ni mchezo wa kuigiza. Basi mtu husikia habari ya shahada ya michezo ya kuigiza akadhani ni shahada ya mzaha. Ukoloni nao ulizidisha upotofu huo. Wakati wa Waingereza, thieta ilikuwa ni ukumbi wa wazungu mjini, ambamo walijiburudisha jioni kwa michezo ya kwao. Shuleni, wanafunzi wachache walikariri Shakespeare kwa ajili ya mashindano au sikukuu ya shule. Upande wa pili, ngoma za jando na unyago, matambiko, majigambo ya Wahaya na masimulizi ya usiku havikuhesabiwa kuwa ni thieta. Viliitwa desturi tu, na mahali pengi wamisionari walivikataza. Watu waliokuwa na maonyesho tele walifundishwa kwamba hawana kitu.

Kwa sababu hiyo, uamuzi wa kufundisha sanaa za maonyesho katika chuo cha Dar es Salaam, katika miaka ya 1960 kilipokuwa bado ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, haukuwa jambo dogo. Ulikuwa ni kusema kwamba kilichochezwa uwanjani kijijini kinastahili kuchunguzwa kwa bidii ile ile inayotumika kuchunguza sheria na historia. Miaka haikupita mingi kabla ya matunda kuonekana. Ebrahim Hussein, aliyesoma hapo, alichapisha tamthilia ya Kinjeketile mwaka 1969, kisha Mashetani mwaka 1971. Akaenda Berlin ya Mashariki kuandika tasnifu juu ya maendeleo ya thieta katika Afrika Mashariki, akarudi kufundisha. Penina Muhando, ambaye wasomaji wengi humjua pia kwa jina la Profesa Penina Mlama, alitoa Hatia mwaka 1972, na baadaye Nguzo Mama na Lina Ubani. Amandina Lihamba alichapisha Hawala ya Fedha mwaka 1980. Vijana wa leo wanaovisoma vitabu hivi darasani aghalabu hawatambui kwamba wanasoma kazi za watu waliokuwa wanafunzi na walimu wa fani ile ile ambayo wazazi wao wanaiogopa.

Itazame Kinjeketile peke yake. Inahusu vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Mwanahistoria atatueleza nani walipigana, wapi, na wangapi walikufa. Mwandishi wa tamthilia ameuliza jambo jingine: huwaje neno likishatoka kinywani mwa mtu mmoja likawa imani ya makabila mengi, naye mwenye neno akaanza kulitilia shaka? Mwisho wa mchezo, Kinjeketile aliye kifungoni anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa, kwa kuwa anafikiri juu ya watakachoambiwa watoto na wajukuu. Hussein mwenyewe alitahadharisha kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni kiumbe cha sanaa, si nakala ya mtu wa historia. Kupambanua mambo hayo mawili, na kuyaunganisha bila kudanganya, hakuji kwa kipaji peke yake. Ni elimu.

Elimu hiyo ni ipi? Shahada ya kwanza huchukua miaka mitatu, na mwenye kudhani kwamba miaka hiyo hupita katika kuruka na kuimba na aende akajionee. Mwanafunzi husoma historia ya thieta, tangu matambiko ya kwetu hadi Wayunani wa kale, Shakespeare na Bertolt Brecht. Huchambua tamthilia na kujifunza kuziandika. Hufunzwa sauti: namna ya kupumua ili neno lifike kwa aliyeketi nyuma kabisa bila kipaza sauti na bila kupiga kelele. Hufunzwa mwili, na humo ngoma zetu huwa mwalimu mkali, kwa maana mguu uliokosea mdundo haufichiki. Hujifunza uongozaji, mavazi, mapambo ya uso, taa na utengenezaji wa jukwaa. Hufanya utafiti na kuuandika kama mwanafunzi mwingine yeyote.

Juu ya hayo yote kuna mazoezi. Onyesho la saa moja na nusu hula majuma mengi ya jioni. Mmoja akichelewa, wenzake wote hukaa bure. Mmoja asipokariri maneno yake, kazi ya wote huanguka. Kijana hujifunza kuelezwa kosa lake mbele ya watu na kulirekebisha papo hapo bila kununa. Hujifunza kugawa fedha kidogo kati ya vitambaa, mbao na nauli. Zaidi ya hayo, hujifunza kwamba taa ikishawaka mbele ya watazamaji hapana kuahirisha. Mkuu wa ofisi anayelalamika kwamba wasomi siku hizi hawajui kufanya kazi pamoja wala kutimiza ahadi kwa wakati angefaidika kumwajiri kijana aliyepitia malezi hayo.

Lakini faida kubwa ya fani hii haimo ukumbini. Imo vijijini na mashuleni. Katika miaka ya 1982 na 1983, wahadhiri wa sanaa za maonyesho kutoka Dar es Salaam walikwenda Malya, katika mkoa wa Mwanza. Hawakubeba mchezo uliokwisha kuandikwa ili wauonyeshe wanakijiji na kuondoka. Walikaa nao, wakauliza, wakasikiliza, mpaka matatizo yakatajwa na wenyewe, na mojawapo lilikuwa ni mimba za wasichana wa shule. Kisha wanakijiji, kwa ngoma na nyimbo zao za Kisukuma, walilitengeneza onyesho lao, wakalicheza, na baada ya kucheza wakaketi kujadiliana. Jambo ambalo mkutano wa hadhara ungelizungumza kwa kuzungukazunguka lilisemwa waziwazi, kwa kuwa aliyelisema alikuwa amevaa nafsi ya mtu mwingine.

Njia hiyo haikufia Malya. Mwaka 1996 walimu wa fani hiyo katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha mradi wa Tuseme katika shule za sekondari. Wasichana walipewa nafasi ya kuyachunguza wenyewe mambo yanayowazuia kusoma, kuyatengenezea maigizo, na kuyacheza mbele ya wenzao na walimu wao, ili hatua zichukuliwe. Baadaye mradi huo ulichukuliwa na nchi nyingine za Afrika. Baba anayeuliza kama karo italipia kucheza, na ajiulize pia ni mahubiri mangapi na mabango mangapi yamewahi kumfanya binti wa miaka 15 aseme mbele ya mkuu wa shule ni nani anayemsumbua njiani.

Mwenye kushuka thamani ya jukwaa na awatazame pia jirani zetu wa Kenya. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa akiongoza idara ya fasihi katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alishirikiana na Ngũgĩ wa Mĩriĩ na wakulima na wafanyakazi wa Kamĩrĩĩthũ, karibu na Limuru. Wanakijiji walijenga jukwaa lao la wazi, na mwaka 1977 wakacheza tamthilia ya Ngaahika Ndeenda kwa lugha yao. Haukupita muda mrefu, maonyesho yakapigwa marufuku. Mwisho wa mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o aliwekwa kizuizini, akakaa huko karibu mwaka mzima. Mwaka 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Hakuna serikali inayotuma watu kubomoa kitu cha mzaha.

Sasa tuligeukie swali la mama, ambalo ni zito zaidi. Atakula nini? Hapa hatuna budi kusema kweli. Nchi yetu haina vikundi vingi vya maigizo vinavyolipa mishahara ya kila mwezi. Vikundi vya taifa vya ngoma, sarakasi na maigizo vilivyoundwa baada ya uhuru vilivunjwa, na mahali pake pakasimama Chuo cha Sanaa Bagamoyo mwaka 1981, ambacho tangu mwaka 2007 huitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Katika miaka ya 1980 vikundi vya burudani vilijaza watu katika mabaa, vikichanganya taarabu, vichekesho, sarakasi na maigizo. Vililisha wasanii, lakini vilimfuata mnunuzi wa bia, na tamthilia ndefu haikupata nafasi humo. Kadhalika, wapo waigizaji waliovuma bila chuo kikuu. Marehemu King Majuto, aliyefariki mwaka 2018, aliwachekesha watu kwa miaka mingi, na umaarufu wake haukutokana na shahada. Kijana anayetaka kuonekana tu katika filamu hahitaji kumaliza miaka mitatu chuoni, na mzazi anayo haki ya kumwambia hivyo.

Hata hivyo, kazi zipo kwa anayejua alichokisomea. Wapo waliofuzu ambao leo ni walimu, watayarishaji wa vipindi vya redio na televisheni, waandishi wa filamu, maafisa utamaduni, na wahamasishaji katika miradi ya afya na elimu. Wengi wao hawaitwi waigizaji, na kwa hiyo mzazi hawahesabu. Ugumu uliopo ni kwamba njia hizo hazijawekewa alama. Kila mhitimu hujikatia njia yake msituni, na wengine hupotea.

Lawama ya upotevu huo si ya vijana peke yao. Sanaa za maonyesho zimo katika orodha ya masomo ya mtihani wa kidato cha nne, lakini ni shule chache zinazozifundisha. Kwa hiyo mwanafunzi hufika chuo kikuu bila kuwahi kusimama jukwaani, na anapohitimu hakuti shule inayomngoja. Tumejenga viwanja vya mpira katika mikoa, na vyema; lakini mji wa mkoa wenye ukumbi uliojengwa kwa ajili ya maonyesho, wenye taa na jukwaa linalofaa, ni wa kutafuta. Tunawaalika wasanii watumbuize wageni kwenye sherehe, kisha tunashangaa wanapoomba malipo. Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga. Sisi tunampigia makofi na kumwacha arudi kwa miguu.

Ushauri wetu kwa wazazi ni huu. Mtoto akilileta jambo hili, msimfukuze barazani. Mwulizeni amesoma tamthilia ngapi nje ya zile za mtihani. Mwulizeni kama yuko tayari kushika ufagio na nyundo nyuma ya pazia, mahali ambapo hakuna anayepigiwa makofi. Mwulizeni ataongeza ujuzi gani mwingine, iwe ualimu, lugha au utangazaji, ili siku za njaa asiiuze sanaa yake kwa bei ya kutupa. Akijibu kwa utulivu, mpeni baraka zenu. Akibabaika, mpeni muda wa kufikiri. Hata hilo ni msaada.

Kwa wakuu wa elimu, tunasema kwamba taifa lililokubali kumsomesha mtu huyu halina sababu ya kumwacha bila kazi. Mhitimu mmoja katika kila shule ya sekondari ya wilaya angetosha kuanzisha jambo. Vijana wapo, na walimu wa kuwafundisha wapo. Kinachosubiriwa ni mahali pa kuwaweka, na mahali hapo hapawezi kutengwa na wanafunzi wala na wazazi wao. Panatengwa na wenye mamlaka ya kugawa nafasi za kazi na fedha za ujenzi.