Matabaka Matano ya Ngozi ya Kichwa

Katika zama za misafara, njia kuu iliyotoka Bagamoyo ilipita kusini ya nchi hii ya Igunga hata ikafika Tabora, na mpagazi aliyeifuata alichukua mzigo wa takriban frasila mbili, yaani yapata ratili 70. Wanyamwezi aghalabu waliuweka begani, ilhali wenzao wa pwani walijitwisha kichwani. Desturi ya kujitwisha haijatoweka: hata leo mwanamke atokaye kisimani huiweka ngata utosini na juu yake ndoo iliyojaa, naye akiinua nyushi kumwitikia mtu njiani, ngozi ya paji lake hupanda na kushuka, wala fuvu lililo chini yake halitikisiki. Mwendo huo mdogo hutokana na jinsi ngozi ya kichwa ilivyopangwa, na mpango huohuo ndio unaokifanya kidonda cha kichwa kisifanane na cha mkono wala cha mguu.

Juu ya mfupa yapo matabaka matano. La kwanza ni ngozi yenyewe, nene, yenye mashina ya nywele na tezi za mafuta. La pili ni tishu unganishi iliyosongamana, ambayo nyuzi zake imara zimeifunga ngozi kwa tabaka la tatu, na baina ya nyuzi hizo imo mishipa ya damu na ya fahamu. La tatu ni utando mgumu, mpana, ambao matabibu huuita galea, nao umeunganisha msuli wa paji la uso na ule wa kisogoni. Matatu haya husogea pamoja, kwa kuwa chini yake liko la nne, tishu legevu. Na la tano ni utando ulioambatana na mfupa.

Tabaka la pili ndilo linalowatisha watu. Kila upande wa kichwa hupokea ateri tano, kutoka pajini, panjani, nyuma ya sikio na kisogoni, na matawi yake hukutana hata utosini. Mahali pengine mshipa uliokatwa hujikunja na kujifumba, walakini hapa kuta zake zimeshikwa na zile nyuzi, basi hubaki wazi, na damu hutoka pande zote mbili za mkato. Ndiyo maana aliyeanguka na pikipiki katika barabara ya Singida na Nzega huweza kufikishwa kwa mganga kanzu nzima imelowa, na jeraha lenyewe ni dogo. Dawa ya kwanza ni kitambaa safi na kiganja kinachokandamiza pasipo kuinuliwa kila mara, ila mfupa ukihisiwa umebonyea, hapo usikandamizwe, bali jeraha lifunikwe tu na majeruhi apelekwe hospitali upesi. Na wingi huohuo wa damu ni rehema, maana kidonda cha kichwa kilichosafishwa na kushonwa vema hupona haraka.

Tabaka la nne halitishi macho, na kwa rai yangu ndilo la kuogopwa zaidi. Kwa ulegevu wake, damu au usaha huenea toka nyushi hata kisogo. Na kwa kuwa msuli wa paji haukushika mfupa upande wa mbele, damu huteremka hata kwenye kope, na aliyepigwa utosini huamka siku ya pili macho yamevilia, ilhali hayakuguswa. Fauka ya hayo, ziko vena ndogo zinazopenya fuvu hadi kwenye mikondo ya damu iliyo ndani, na uchafu huweza kuzifuata. Kwa hiyo jivu, au majani yaliyotafunwa, yasitiwe kabisa katika kidonda cha kichwa.

Kwa mtoto mchanga jambo hili ni zito zaidi. Damu iliyovuja chini ya tabaka la tano hukomea kwenye maungio ya mifupa ya fuvu, na uvimbe wake aghalabu huisha wenyewe kwa majuma kadhaa. Lakini iliyovuja katika tabaka la nne, hasa baada ya mtoto kuvutwa kwa chombo cha kunyonya, haina mpaka wa kuizuia. Damu yote ya mtoto wa kilo 3 haijazi chupa ya soda, na sehemu kubwa yake huweza kupotelea humo. Basi mzazi akiona uvimbe laini unaotambaa hata nyuma ya masikio, na mtoto amepauka au hanyonyi, asingoje kuche: ampeleke hospitali saa ileile, ikiwa ni Nkinga au Kitete ya Tabora.