Kasongo na Kabambare: ordinatere imekufa, lakini dosie zingali ndani

Kati ya Kabambare na Kasongo kuna zaidi ya kilomita 100, lakini wakati wa mvua hakuna anayehesabu kilomita. Watu wanahesabu matope, vivuko na siku. Ni kwenye barabara hiyo, kusini mwa jimbo la Maniema, ambapo ordinatere ya shule au ya kituo cha afya inasafiri ikiwa imefungwa kwa mpira nyuma ya pikipiki, pembeni ya gunia la mpunga. Haiwaki tena. Mwenyewe anaipeleka Kasongo, kwa fundi wa birotiki, akiwa na swali moja: itawaka tena?

Swali hilo ndilo linalopoteza dosie nyingi. Mashine ikishindikana, nyingine itapatikana, hata ikiwa ni ya okazyo na kwa kukopa. Kilicho ndani hakina okazyo. Ni majina ya wanafunzi wanaomaliza sekondari, pamoja na pointi ambazo prefe anapaswa kuonyesha kabla ya mtihani wa Serikali. Ni hesabu za chama cha akiba cha wamama. Ni ripoti za kanda ya afya, orodha ya watoto waliopata chanjo, barua za sekta juu ya mipaka ya mashamba. Wakati mwingine ni picha moja tu ya mzee aliyezikwa mwaka jana, na hakuna nyingine. Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya fundi ni lingine: diski iko namna gani?

Radi inaanza kazi kabla ya fundi

Maniema ina sababu yake ya kupoteza mashine. Mwaka 2016 watafiti walichapisha orodha ya pahali panapopata radi nyingi zaidi duniani, baada ya kukusanya vipimo vya miaka 16 vya satelaiti TRMM. Pa kwanza ni ziwa Maracaibo, huko Venezuela. Pa pili ni Kabare, Kivu Kusini. Pa tatu ni Kampene, katika teritware ya Pangi, kaskazini mwa Kasongo: zaidi ya miale 170 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka mmoja. Wakaaji hawakuhitaji satelaiti kwa kujua jambo hilo, lakini namba inasaidia kuelewa kwa nini meza ya fundi haikosi kazi mvua zikirudi.

Radi haiombi kupiga nyumba yenyewe. Ikianguka karibu, nguvu yake inaweza kupita kwenye nyaya za sola au za antena na kufika hadi kwenye mashine. Siku ambazo hakuna radi, kuna grupu. Inapowashwa na inapokaribia kuishiwa mafuta, umeme unapanda na kushuka. Wale wa sola nao wanajua saa ile ya jioni ambapo batri inachoka na kila kitu kinazima kwa mara moja, hata kama mtu alikuwa katikati ya kuandika ripoti.

Mara nyingi kinachoungua kwanza ni alimantasyo, kile kisanduku kinachopokea umeme, au sahani kubwa ya ndani ambayo vipande vyote vimepachikwa. Kwa laptopu inaweza kuwa kioo tu, au tundu la chaja. Vyote hivyo vinaweza kufa na diski ikabaki nzima. Mtu anayeona giza kwenye kioo anadhani kila kitu kimekwenda, kumbe dosie ziko palepale, katika kisanduku kidogo cha chuma kinachoshikwa na skrubu chache.

Kutoa diski, kuisoma kwenye mashine nyingine

Kazi yenyewe, diski ikiwa nzima, si ya ajabu. Mashine inakatwa umeme, batri ya laptopu inatolewa kama inatoka, na diski inafunguliwa kwenye skrubu zake. Kisha inaunganishwa na ordinatere nyingine kwa kamba yenye mdomo wa USB upande mmoja na mdomo wa diski upande wa pili. Diski ndogo ya laptopu inatosheka na umeme wa USB. Ile kubwa ya ordinatere ya mezani inahitaji volti 12 zaidi, kwa hiyo kamba yake inakuja na chaja yake. Mtu akiiunganisha bila chaja, haitazunguka, naye atasema imekufa. Diski za zamani sana, zenye mdomo mpana wa meno mengi, zinahitaji kamba ya aina yao.

Ikiwa mashine bado inawaka lakini Windows inakataa kufunguka, hata skrubu haziguswi. Fundi anaweka Linux, kwa mfano Ubuntu, kwenye flashi, anawasha mashine kupitia flashi hiyo, na dosie zinaonekana. Anazinakili kwenye diski ya nje.

Hapa ndipo kosa kubwa linafanyika, na linafanywa na watu wenye nia njema. Mteja alisema anataka mashine iwake. Fundi anaweka Windows mpya juu ya ile ya zamani, mashine inawaka, anapokea pesa yake, mteja anafurahi hadi anapotafuta dosie zake. Kosa la pili ni ndugu yake: diski inaunganishwa, Windows inatoa ujumbe kwamba ni lazima kuiformata kabla ya kuitumia, na mtu anabonyeza ndiyo. Ujumbe huo hausemi kwamba diski ni tupu. Unasema tu kwamba Windows haikuelewa ilichosoma. Jibu ni hapana, kila mara.

Sikio kabla ya programu

Fundi mzuri anasikiliza. Diski za aina ya kawaida zina sahani laini ndani, zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Kichwa kinachosoma kinapita juu yake bila kuigusa, kwa umbali wa nanomita chache tu. Unywele wa mtu ni mnene kuliko nafasi hiyo kwa maelfu ya mara. Chembe moja ya vumbi jekundu la barabara, kwa kichwa hicho, ni mwamba. Ndiyo sababu diski haifunguliwi mezani, hata kwa dakika moja, hata kwa kutazama tu. Maabara zinazofungua diski zinafanya hivyo ndani ya chumba ambacho hewa yake imechujwa.

Ikizunguka kimya na kuonekana polepole, kuna matumaini. Ikitoa sauti ya tak, tak, tak, kichwa kinatafuta njia na hakioni. Kila dakika inayopita inaweza kuchubua sahani. Inazimwa mara moja. Isipotoa sauti yoyote, huenda ni kibao chake cha umeme kilichoungua. Wengine wanachukua kibao cha diski nyingine ya aina ileile na kukibadilisha, lakini katika diski za miaka hii kila kibao kinabeba vipimo vya diski yake tu, na bila kuhamisha kijisehemu kinachovihifadhi, mara nyingi haitasomeka. Na ile dawa ya kuweka diski ndani ya friza, ambayo bado inapita kutoka mdomo hadi mdomo, inaleta unyevu juu ya sahani. Unyevu tayari tunao wa kutosha.

Kwa diski inayoumwa lakini bado inasoma, kuna programu ya bure inayoitwa ddrescue, kutoka mradi wa GNU. Inasoma kwanza sehemu nzima, inaruka zile mbovu, kisha inazirudilia baadaye taratibu. Faida yake kwa Kasongo na Kabambare iko pengine: inaandika pembeni ramani ya pale ilipofika. Batri ya sola ikiisha saa mbili usiku, kesho jua likitoka inaendelea kutoka palepale. Hesabu ni rahisi: diski ya gigabaiti 500 iliyo nzima, ikipita katika USB ya zamani, inakula karibu saa tano. Inayoumwa inaweza kula siku kadhaa. Fundi anayeahidi dosie zote kwa nusu saa hajaisikiliza diski.

Kazi nyingine zote zinafanyika juu ya kopi, si juu ya diski yenyewe. TestDisk, ya mfaransa Christophe Grenier, inaweza kurudisha jedwali la sehemu za diski lililoharibika. PhotoRec, ya huyohuyo na ya bure pia, inatafuta picha na maandiko hata pale ambapo orodha ya majina imepotea. Inawezekana kwa sababu kufuta faili kwenye diski ya sahani hakuondoi maandiko. Kunaondoa jina kwenye orodha na kuacha nafasi ikingoja kuandikwa upya. Lakini PhotoRec mara nyingi hairudishi majina. Katibu wa shule anaweza kupokea maelfu ya faili zenye namba tu, na kupitisha wiki akizifungua moja baada ya nyingine kutafuta pointi za darasa moja. Ni taabu, ila ni taabu yenye mwisho.

Laptopu za siku hizi zimebadilisha mambo. Nyingi zina SSD, isiyo na sahani wala sauti. Inavumilia kuruka mashimo nyuma ya pikipiki, lakini faili ikifutwa, mashine yenyewe inaiagiza kusafisha nafasi hiyo, na baada ya muda hakuna cha kutafuta. Halafu kuna BitLocker, inayofunga diski nzima kwa ufunguo. Katika mashine mpya za Windows inaweza kujiwasha yenyewe mtu anapoingia na akaunti ya Microsoft, bila yeye kujua. Siku diski inapohamishwa, inaomba ufunguo wa namba 48. Ufunguo huo kwa kawaida unahifadhiwa katika akaunti hiyo. Aliyetumia akaunti ya kijana wa birotiki wakati wa kununua mashine, na leo hajui kijana yuko wapi, yuko mbele ya mlango ambao fundi hataufungua.

Kilichotoka motoni

Visa vya kuokoa maandiko yaliyodhaniwa kupotea vipo, na kimoja ni cha Kasongo yenyewe. Emin Pasha aliuawa mwaka 1892 katika misitu ya mashariki ya Kongo. Mwaka uliofuata, jeshi la Dhanis lilipouteka mji wa Kasongo mwezi wa Aprili, lilikuta humo vitu vyake, pamoja na daftari zake za safari. Zilisafirishwa hadi Ulaya na baadaye zikachapwa.

Cha pili kinahusu diski. Tarehe 1 Februari 2003 chombo cha anga cha Marekani, Columbia, kilivunjika angani na kuua watu saba. Miezi kadhaa baadaye diski moja iliyoungua ilipatikana Texas. Kampuni ya Kroll Ontrack iliisafisha na kusoma karibu 99 kwa mia ya data zake, kwa sababu sehemu iliyoharibika haikuwa ile iliyoandikwa. Matokeo ya jaribio hilo la kisayansi yalichapishwa mwaka 2008. Diski hiyo ilianguka kutoka angani. Nyingi za hapa zinakufa kwa kubonyeza ndiyo.

Nani anatazama?

Kuokoa dosie ni pia kuzifungua mbele ya mtu mwingine. Katika sehemu iliyopitia vita na uhamaji, ordinatere ya kituo cha afya au ya shirika inaweza kuwa na majina ya wanawake waliotendewa jeuri, matokeo ya vipimo vya damu, ushuhuda juu ya watu wenye silaha ambao bado wako porini. Huko Salamabila, kwenye dhahabu, hata daftari la mfanyabiashara ni siri inayoweza kuleta wageni usiku. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda maisha ya siri ya kila mtu, na sheria juu ya mambo ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inazungumzia data za watu. Sheria iko Kinshasa. Fundi yuko mezani na flashi yake. Kukaa pembeni yake wakati wa kunakili si dharau, na anayechukia kutazamwa ajulikane mapema.

Diski ya zamani nayo haiachwi kwa fundi kama zawadi. Mwaka 2009 wanafunzi wa uandishi wa habari kutoka Chuo Kikuu cha British Columbia, Canada, walinunua diski zilizotumika katika soko moja la Ghana. Ndani ya moja walikuta habari za mikataba kati ya serikali ya Marekani na kampuni ya silaha Northrop Grumman. Ikiwa Washington inasahau hivyo, sekta ya Kabambare inaweza pia.

Kopi mbili zinatosha kwa kuanza: moja kwenye diski ya nje inayotolewa kwenye mashine kila jioni, kwa sababu iliyobaki imechomekwa inaungua pamoja nayo; nyingine katika nyumba tofauti, kwa mfano parokiani au kwa mjumbe wa kamati ya wazazi. Orodha ya wanafunzi wa mtihani ichapwe kwenye karatasi na kusainiwa. Katika sehemu hii mvua zinarudi mwezi wa Septemba, wiki zilezile ambapo shule zinafungua na makatibu wanaanza kuandika majina mapya.