Kabla ya Kugeuza Ufunguo Mara ya Pili

Mpira wa filta ya oili ni mviringo mwembamba mweusi ambao watu wengi hawajawahi kuuangalia mara mbili. Filta kuukuu inapofunguliwa, mara nyingine mpira huo hung'ang'ania kwenye injini badala ya kutoka na filta yake. Mwenye gari aliyelala chini ya Vitz yake Jumamosi asubuhi hauoni. Anafunga filta mpya yenye mpira wake, mipira miwili inakaa mmoja juu ya mwingine, anajaza oili, anawasha, anasikiliza, anaridhika. Barabarani mambo yanabadilika. Injini inapokimbia na presha ya oili kupanda, mpira mmoja unachomoka na oili inamwagika kwenye lami kwa muda mfupi sana. Taa nyekundu ya oili inawaka kwenye dashibodi. "Si nimetoka kuweka oili sasa hivi?" anajiuliza. "Hii taa itakuwa mbovu." Anaendelea hadi nyumbani, na kabla hajafika injini imeshanoki.

Taa ile haipimi wingi wa oili. Inapima presha, na ikiwaka huku injini inanguruma ina maana kwamba oili haifiki inakotakiwa. Ndani ya injini, krankshafti haipaswi kugusana na beringi zake. Inaelea juu ya utando wa oili uliojaa kwenye nafasi ndogo mno, chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila pistoni inapanda na kushuka mara 50 kwa sekunde moja. Oili ikikosekana kwa mwendo huo, chuma kinasaga chuma, beringi zinapata moto na kuliwa, na ule mgongano unaosikika chini ya injini ni koniroda inayocheza. Hapo hakuna tena habari ya kuongeza oili. Oili ikirudishwa inakuta nafasi imeshapanuka.

Mafundi wanaopokea magari ya aina hii wana malalamiko yanayofanana: kosa la kwanza lilikuwa dogo. Mpira umesahaulika, waya haujarudishwa, mkanda umekaa jino moja pembeni. Vyote hivyo vingerekebishika kwa saa moja au siku moja. Kilichoua injini ni kile kilichofuata, yaani kuwasha tena, kuongeza mafuta, kusukuma, kuomba kuvutwa na gari jingine, "labda itashika." Hoja hiyo ina ushahidi mpana kuliko gereji za mitaani.

Mei 5, 1983, ndege ya Eastern Air Lines aina ya Lockheed L-1011 iliruka kutoka Miami kwenda Nassau, Bahamas, ikiwa na watu 172. Kabla ya safari mafundi walikuwa wamebadilisha vifaa vinavyonasa chembe za chuma kwenye oili ya injini zake zote tatu, na wakavifunga bila mipira ya kuzuia kuvuja. Injini ya kati ilianza kupoteza presha ya oili, rubani akaizima na kugeuza kurudi Miami. Kisha vipimo vya zile mbili nyingine navyo vikaanguka. Walichofikiri marubani ndicho alichofikiri yule wa Vitz: haiwezekani injini tatu zikaishiwa oili kwa pamoja, bila shaka vipimo ndivyo vibovu. Injini hizo mbili zikazima zenyewe, moja baada ya nyingine, na ndege ikaanza kushuka kuelekea baharini. Iliyowaokoa ni ile ya kwanza. Kwa kuwa ilizimwa mapema, ilikubali kuwashwa tena, na ndege ikatua Miami ikiwa nayo peke yake. Hakuna aliyekufa.

Hao walikuwa mafundi wenye leseni, kwenye karakana ya shirika kubwa. Kwa hiyo mtu aliyekosea uani kwake hana haja ya kujiona mjinga kuliko wote. Na sababu za kujitengenezea gari mwenyewe zinaeleweka. Ujira wa fundi Dar es Salaam au Nairobi si mkubwa ukilinganisha na bei ya vipuri, lakini imani ni adimu: mtu anaogopa kuacha gari gereji likarudi na betri ya mwingine, au kulipia oili halisi akawekewa iliyochujwa. Siku hizi kuna video kwa kila kazi. Injini ya 1NZ-FE iliyo kwenye Vitz, IST na Probox nyingi ndiyo iliyouzwa ndani ya Yaris huko Marekani, kwa hiyo somo la Mmarekani linaweza kumfaa mtu wa Mbagala vizuri kabisa. Tatizo ni kwamba video huonyesha kazi inavyokwenda sawa. Haionyeshi cha kufanya gari likikataa.

Likikataa, swali la kwanza ni moja tu: mkono ulipita wapi mwisho? Gari lililokuwa likiwaka jana na limekataa leo baada ya kubadilishwa plagi halijapata ugonjwa wa pampu ya mafuta usiku. Pengine limepata, lakini hilo liwe la mwisho kufikiriwa. Anayeanza kwa kununua sensa mpya atatumia fedha na kuzidi kuongeza vitu vilivyoguswa, mpaka hata fundi hodari ashindwe kujua pa kuanzia.

Baada ya hapo, sikio. Ufunguo ukigeuzwa na selfu isizungushe kitu, au itoe mlio mmoja tu, anza na vichwa vya betri, kwani wengi huvilegeza kabla ya kazi na kusahau kuvikaza. Kama betri ni nzima na injini haigeuki hata kwa spana kwenye puli ya krankshafti, huenda imejam, na selfu haipaswi kuguswa tena. Injini ikigeuka kwa mdundo wake wa kawaida lakini haiwaki, tafuta waya uliosahaulika: soketi ya sensa ya kamshafti, ya sensa ya hewa, ya injekta, au fyuzi iliyochomolewa. Ikikohoa na kupiga mshindo kwenye ekzosti au kwenye njia ya hewa, kuna uwezekano mkubwa waya za plagi zimepishana. Injini nyingi za Toyota za silinda nne huwasha kwa mpangilio wa 1-3-4-2, na Subaru ya silinda nne ni 1-3-2-4. Aliyezoea moja akaenda kwa nyingine hukosea kirahisi. Lakini ipo sauti moja inayotisha kuliko zote: selfu inazungusha injini kwa wepesi usio wa kawaida, mfululizo, bila zile pumzi za pistoni kubana hewa. Hiyo huashiria kwamba kompresheni imepotea. Mkanda wa taimingi umekatika au umeruka.

Mkanda huo ndio unaofunga mwendo wa krankshafti na kamshafti, ili kamshafti izunguke mara moja kwa kila mizunguko miwili ya krankshafti na valvu zifunguke kwa wakati wake. Katika injini nyingine, kama 5A-FE ya zile Corolla za miaka ya 1990, ukikatika gari linazima tu. Pistoni na valvu hazina mahali pa kukutana. Katika injini nyingine nyingi vinakutana. Subaru nyingi za EJ20 ni za kundi hilo, na injini za dizeli kwa ujumla hazina msamaha, kwa kuwa hubana hewa sana na nafasi iliyobaki juu ya pistoni ni finyu. Injini ya 1HZ, ile ya silinda sita na lita 4.2 inayobeba Land Cruiser za watalii, za polisi na za hospitali, inatumia mkanda. Taa ya T-BELT huwaka kukumbusha baada ya kilomita 100,000 au 150,000 kutegemea nchi gari lilikouzwa. Taa hiyo inaweza kuzimwa bila mkanda kubadilishwa, jambo ambalo mnunuzi wa gari lililotumika afadhali alijue mapema.

Anayefunga mkanda mwenyewe ana kinga moja isiyogharimu kitu. Kabla ya kugusa ufunguo, azungushe krankshafti kwa spana na mkono wake, taratibu, mizunguko miwili kamili, kisha aangalie kama alama zote zimerudi mahali pake. Zikipishana hata jino moja, arudie kazi. Akikuta kizuizi kigumu katikati ya mzunguko, asilazimishe: pengine ni valvu imekutana na pistoni, na kwa nguvu ya mkono haijapinda bado. Selfu isingekuwa na subira hiyo. Kwa magari yanayosomwa kwa kompyuta, msimbo P0016 huonyesha kwamba krankshafti na kamshafti hazikubaliani, na ukitokea siku hiyohiyo ya kazi hauhitaji tafsiri ndefu.

Oili ina mitego yake mingine. Madukani galoni ya kawaida ni ya lita 4, na wengi humimina yote ili isibaki. Injini ya 1NZ-FE huchukua takriban lita 3.7 pamoja na filta. Ile ndogo ya Vitz ya silinda tatu, 1KR-FE, inatosheka na kama lita 3. Oili ikizidi sana krankshafti huipiga na kuitia povu, na povu halishiki presha. Kwa wenye Subaru kuna balaa la peke yake: nati ya kumwagia oili ya injini na ile ya gia boksi haziko mbali, na kila mwaka wapo wanaomwaga ya gia boksi wakidhani ni ya injini, kisha wakaongeza oili mpya juu ya ile kuukuu. Gari linaondoka na injini iliyovimbiwa na gia boksi kavu. Rangi ingewaambia. Oili ya injini iliyotumika huwa nyeusi, na ikitoka safi au nyekundu inafaa kusimama na kutazama tena kabla ya kukinga ndoo ya pili.

Dizeli nayo: ukibadilisha filta, hewa huingia kwenye mfumo, injini ikazunguka bila kuwaka. Hapo si pa kuua betri. Nati ya kutolea hewa inalegezwa, pampu ya mkono juu ya filta inabonyezwa mpaka mafuta yatoke bila mapovu, basi.

Maji yanahitaji subira zaidi. Baada ya kubadilisha hozi au pampu ya maji, hewa hunaswa ndani, na mshale wa joto unaweza kudanganya: sensa ikikaa kwenye hewa badala ya maji haisomi inavyotakiwa, gari likachemka huku mshale umelala. Wengi hukimbilia kuzidisha kosa kwa kufungua mfuniko wa rejeta ikiwa ya moto, jambo linalounguza uso na mikono, au kumimina maji baridi kwenye hedi ya alumini iliyokwisha kupata moto na kuipinda. Na kuondoa thamostati, dawa inayopendwa mno katika gereji za barabarani, kunaficha tatizo kwa kuifanya injini iende baridi na kula mafuta zaidi. Oili ikionekana kwenye kijiti ina rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia ndani; gasketi ya hedi imekufa au hedi yenyewe imepinda, na safari imeishia hapo.

Yapo pia makosa yanayochelewa, na haya ndiyo yanayowakosesha watu usingizi kwa sababu hakuna anayeyaunganisha na kazi ya mwezi uliopita. Kubwa kuliko yote ni silikoni. Mtu anafunga sampu au mfuniko wa valvu na, kwa kuogopa kuvuja, anapaka silikoni nene pande zote. Nje inaonekana kazi safi. Ndani, ziada iliyobanwa inakauka, inakatika vipande, inaogelea hadi kwenye chujio la pampu ya oili na kuliziba. Wiki kadhaa baadaye taa ya oili inamulika gari likiwa limesimama kwenye foleni, kisha inazimika likiondoka. Huyo naye hana haja ya kuendesha ili aone kama itapona. Sampu ishushwe, chujio litazamwe.

Kuna wakati wa kukabidhi, na hapo aibu ni ghali. Fundi akiambiwa "lilizima tu lenyewe" ataanza na umeme na mafuta, siku mbili zitakwenda na malipo yake. Akiambiwa "nilibadilisha mkanda, nikawasha, likapiga kelele, nikazima," atachukua kipimo cha kompresheni na kufikia jibu asubuhi hiyohiyo. Aletewe vipuri vya zamani pia, na picha zilizopigwa kabla ya kufungua kama zipo. Gari la oto lisivutwe kwa kamba likiburuza matairi yanayoendesha, kwa sababu gia boksi inategemea injini izungushe pampu yake ya mafuta.

Kipimo kikionyesha silinda zimekufa, hesabu inabaki kati ya ovaholi na injini iliyotumika. Kirinyaga Road ya Nairobi na Kisekka ya Kampala hazikosi 1NZ-FE, na Gerezani ya Dar es Salaam pia, lakini jina moja halimaanishi injini moja: za awali hufungua hewa kwa kebo ya mguuni, za baadaye kwa umeme, na waya na kompyuta zake hazibadilishani. Mnunuzi makini hufungua mfuniko wa oili kutazama kama kuna tope jeusi, huzungusha krankshafti kwa spana, na hunakili namba iliyogongwa kwenye bloku kabla hajatoa fedha. Namba hiyo itatakiwa na wasajili wa magari, TRA kwa aliye Tanzania na NTSA kwa aliye Kenya, kwani iliyo kwenye kumbukumbu za gari bado ni ya injini iliyonoki.