Karata Mbovu, Dau Nono

Msomaji mmoja wa Nsambya, Kampala, ametuandikia akiwa na kinyongo. Yeye na wenzake hucheza Omaha, ile poka ya karata 4 mkononi, na mmoja wao ana tabia ya kupandisha dau hadi kikomo akiwa na karata ambazo wengine wangezitupa bila kufikiri. Zikifunuliwa ni aibu tupu. Mbona basi, anauliza msomaji, mwisho wa usiku pesa ziko kwake?

Kanuni za mchezo sitazieleza. Asiyezijua atafundishwa na jirani kwa gharama ya soda moja. Yanatosha mambo mawili. Lazima utumie karata 2 kamili kati ya 4 zako, pamoja na 3 kati ya 5 za mezani. Na dau haliruhusiwi kuzidi fedha zilizokwisha kulundikana katikati. Hilo la pili, ambalo wengi hulichukulia kama utaratibu tu wa kuzuia watu wasifilisike upesi, ndilo lililonifanya nikubali kuandika.

Anayetoka kwenye Matatu, mchezo wa karata uliowalea Waganda wengi, huingia Omaha na mazoea ya kuhesabu alichokishika. Katika Matatu mtu akikata kwa 7, kila mmoja anahesabu alama zilizobaki mkononi na mwenye chache ameshinda. Katika Omaha ulichoshika ni ahadi zaidi kuliko mali. Karata 4 zinakupa namna 6 za kutoa karata 2, ilhali kwenye poka ya Texas, yenye karata 2 mkononi, namna ni moja tu. Mikono ya kuanzia inayowezekana Texas ni 1,326; Omaha ni 270,725. Kwa hiyo hakuna mkono unaotangulia mbali. Chukua ree 2 na wafalme 2, kopa na shupaza, mkono ambao mtu angeuota. Uweke dhidi ya 8, 7, 6 na 5 za uru na pau. Ule wa kifalme hushinda takriban mara 6 kati ya 10, basi. Ule mwingine, unaoonekana takataka, unabaki na 4.

Sasa tufike ninapopapenda. Karata 3 za kwanza ziko mezani, katikati kuna shilingi 60,000, na umebaki na shilingi 60,000 tu mfukoni. Huna kitu, ila kuna karata 8 ambazo mojawapo ikitoka utakamilisha mfululizo wako. Unaziona karata 7, hivyo 45 zimefichika, na bado 2 zitafunuliwa. Uwezekano wa kukosa mara zote mbili ni 37 kwa 45 mara 36 kwa 44, yaani karibu 67 kwa 100. Utapata mara 33 kwa 100. Theluthi moja.

Weka dau la 60,000, kikomo unachoruhusiwa. Mwenzako akilipa, katikati kutakuwa na 180,000. Theluthi ya 180,000 ni 60,000, kiasi kilekile ulichotoa. Maana yake, akikulipa hupotezi chochote kwa wastani. Na akitupa karata zake, unazoa 60,000 ambazo hukuwa na haki nazo. Nilipoipiga hesabu hii kwa mara ya kwanza niliirudia, nikidhani kuna sifuri imenitoroka. Dau lenye sura ya wazimu halina gharama, na kila woga wa mwenzako ni faida halisi.

Punguza ahadi, yaani uwezekano wako wa kukamilisha, hadi robo. Akilipa, sehemu yako ya zile 180,000 ni 45,000, kwa hiyo umepoteza 15,000. Lakini akitupa unapata 60,000, ambazo zinafidia hasara ya mara 4. Inatosha atupe mara 1 kati ya 5. Anayetisha bila ahadi yoyote, karata zake zikiwa kapi kabisa, anahitaji mwenzake atupe nusu ya nyakati zote. Tazama umbali uliopo kati ya nusu na moja ya tano: umenunuliwa na robo tu ya matumaini. Na kikomo cha dau ndicho kinachoifanya theluthi iwe theluthi. Kusingekuwa na kikomo, dau likizidi kukua ahadi unayohitaji ili usipate hasara ingepanda kuelekea nusu, na ujasiri wa namna hii ungekuwa ghali.

Jambo hili linahitaji jina. Vijana husema kupiga mkwara kwa kutisha bila nguvu, na neno hilo ni zuri mno kuachwa vijiweni. Nilifikiria “nusu mkwara” nikalikataa, maana mkwara wa nusu ni woga uliovaa koti. Nauita mkwara wenye akiba. Mhariri akilibadilisha tutagombana.

Fikiria dereva wa teksi ya abiria 14 anayetoka kichochoro cha Nsambya kuingia Barabara ya Ggaba saa kumi na mbili jioni, foleni ikiwa imeganda kuelekea Kabalagala. Hana haki ya njia. Anaingiza pua ya gari barabarani. Mwenye gari jipya anawazia rangi yake, anakanyaga breki, teksi imepita. Hiyo ni njia ya kwanza. Lakini mzoefu haingizi pua mahali popote tu. Ameshaangalia ukingo wa barabara, akaona bodaboda mbili ambazo huenda zikaondoka. Mwenye gari jipya akikaza, nafasi ile inaweza kufunguka naye akapenya pembeni. Hiyo ni njia ya pili. Dereva mgeni huingiza pua vilevile, tena kwa honi kubwa zaidi, ila pembeni yake kuna mtaro na nyuma kuna lori. Akikaziwa amekwama, na abiria wanaanza kumtaja mama yake. Ukiwa ndani ya lile gari jipya huwezi kuwatofautisha wawili hao, kwa kuwa pua zao zinafanana. Tena mzoefu hafanyi hivyo kila jioni mahali pamoja. Wanaopita pale kila siku wangemzoea, wakaacha kukanyaga breki, na njia ya kwanza ingekufa. Hapa teksi yangu inaishiwa mafuta, kwa sababu swali la mara ngapi linamhitaji mwanahisabati John von Neumann.

Huyu alizaliwa Budapest mwaka 1903, mwaka uleule masista Wafransisko walipofika Nsambya na kuanza huduma iliyokuja kuwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Mwaka 1944, yeye na Oskar Morgenstern walichapisha kitabu kikubwa cha nadharia ya michezo, na ndani yake mna poka iliyokondeshwa hadi kubaki namba tupu. Jibu lake liliwashangaza wengi: tisha kwa karata zako mbovu kabisa, na zile za katikati zitulize. Ila poka yake haikuwa na karata za kuja, kwa hiyo haikuwa na akiba. Weka akiba, na baadhi ya mikono ya katikati inaamka.

Na mara ngapi? Dau likiwa sawa na kilichopo katikati, mwenzako analipa 60,000 ili apate 120,000, hivyo anahitaji kuwa sahihi mara 1 kati ya 3. Ukichanganya madau 2 ya haki kwa 1 la mkwara mtupu, kulipa na kutupa kunakuwa sawasawa kwake. Theluthi tena! Kompyuta hufika palepale pasipo kufundishwa na mtu: Pluribus, programu ya Noam Brown na Tuomas Sandholm iliyowashinda wachezaji mahiri wa poka ya Texas mwaka 2019, ilijifunza kwa kucheza na nafsi yake, na mkwara ilijigundulia yenyewe.

Kuna mambo madogo. Mfululizo wako ukikamilika mwenzako anaweza kuwa na mkubwa zaidi. Kungoja bila kuweka dau nako kuna thamani, kwa hiyo katika mfano wetu wa theluthi mwenzako anatakiwa atupe zaidi ya mara 1 kati ya 3 ndipo dau lishinde utulivu. Na sheria ya Uganda ya mwaka 2016 inamzuia aliye chini ya miaka 25 kucheza kamari. Tuendelee.

Kwa msomaji wa Nsambya, basi. Rafiki yako akiweka dau la kikomo, mlipe kwa nusu ya mikono ambayo ungefika nayo pale, ile iliyo bora. Ukitupa zaidi ya hapo, hana hata haja ya kuwa na akiba.