Kuhesabu Fuwele Bila Kuvunja Kidonge

Vidonge vinavyoyeyuka mdomoni bila maji, vile vya Zydis kwa mfano, havigandamizwi kwa mashine. Dawa huchanganywa na maji, jelatini na manitoli, jamaa ya sukari, ikamiminwa kwenye vishimo vya pakiti yenyewe. Hugandishwa kwa nitrojeni ya kimiminika, kisha huingizwa kwenye ombwe, ambako barafu hugeuka mvuke bila kupitia hali ya maji. Kinachobaki kimejaa vitundu na ni dhaifu mno. Karatasi ya pakiti hubanduliwa taratibu. Ukikisukuma kwa kidole kama Panadol, umepata unga.

Molekuli zilizomo zikijipanga safu kwa safu ni fuwele. Zikikaa shaghalabaghala, hiyo ni hali ya amofasi. Amofasi huyeyuka upesi, ila haitulii: unyevu ukiingia, molekuli huanza kujipanga na kidonge kikanywea. Manitoli nayo ina ujanja wake. Ikigandishwa, huweza kunasa maji ndani ya fuwele, molekuli moja ya maji kwa kila mbili zake, karibu asilimia 5 ya uzito. Kidonge huonekana kikavu kabisa, kumbe maji hayo yanaweza kutoka baadaye kikiwa ghalani na kuiharibu dawa.

Kipimo kilichozoeleka cha kujua kiasi cha fuwele ni eksirei, lakini mara nyingi kidonge husagwa kwanza, na kusaga kwenyewe huweza kubadili fuwele. Njia ya upole zaidi ilitokana na ugunduzi wa C. V. Raman nchini India mwaka 1928: mwanga ukigonga molekuli, sehemu yake ndogo sana hurudi na rangi iliyobadilika kidogo, kufuatana na mitetemo ya molekuli hiyo. Mwanga unaotumika ni wa leza, nayo hupenya plastiki angavu au glasi, na maji hayaisumbui sana. Kwenye grafu ya mwanga unaorudi, fuwele huchora vilele vyembamba, amofasi vilima vipana. Maumbo ya manitoli, yaani alfa, beta na delta, kila moja lina vilele vyake.

Ila grafu haikutajii asilimia. Kompyuta hufunzwa kwanza kwa sampuli zenye viwango vinavyojulikana, na hapo ndipo penye kazi: unga uliochanganywa kwa mizani hautawanyi mwanga sawa na kidonge chenye vitundu. Tena doa dogo la leza husoma kipande kimoja tu, ilhali upande wa juu huenda haukuganda kama wa chini. Baadhi ya maabara huipitisha leza kwenye kidonge kizima, iingie huku itokee kule, zikapata wastani. Binafsi, nikionyeshwa asilimia ya fuwele, ningeuliza kwanza mashine ilifunzwa kwa sampuli zipi.